John Donne: kasisi aliyeogopa kuwa kisiwa

Mwishoni mwa mwaka 1623, katika nyumba ya mkuu wa Kanisa Kuu la St Paul's jijini London, madaktari walimwekea mgonjwa njiwa. Tiba ya zama zile ilitaka njiwa apasuliwe, awekwe kwenye nyayo angali na joto lake, ili auvute mvuke mbaya ushuke kutoka kichwani. Mgonjwa alikuwa na homa kali, mwili umetoka madoa, usingizi haumpati mchana wala usiku, na hata kusoma amekatazwa. Watu walikuwa wakimkwepa kwa kuogopa kuambukizwa. Kitu pekee cha mtaani kilichomfikia bila woga kilikuwa mlio wa kengele za kanisa la jirani, ambazo kwa desturi ya Waingereza wa wakati huo ziligongwa mtu akikata roho na tena akizikwa. Kila zilipolia alijiuliza kama safari hii ni za jirani au ni zake.

Mgonjwa alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, John Donne, miaka 51, mmoja wa wahubiri waliovuta watu wengi zaidi katika London ya Mfalme James. Homa haikumuua. Mapema mwaka 1624 alitoa kitabu kidogo cha tafakuri kilichoufuata ugonjwa huo hatua kwa hatua, vituo 23, tangu siku mwili ulipogeuka ghafla hadi madaktari walipomwonya kwamba homa yaweza kurudi. Kila kituo kina tafakuri, kisha malalamiko mbele za Mungu, kisha sala. Ndani ya kile cha 17 mna maneno ambayo hata wasiomjua mwandishi wanayajua:

"Hakuna mtu aliye kisiwa, kamili peke yake, kila mtu ni kipande cha bara, sehemu ya nchi nzima. Bonge la udongo likisombwa na bahari, Ulaya inapungua. Kifo cha mtu yeyote kinanipunguza mimi, kwa kuwa nimo ndani ya wanadamu. Kwa hiyo usitume mtu aende kuuliza kengele inamlilia nani, inakulilia wewe."

Maneno haya yamechoka kwa kutumiwa. Ernest Hemingway alichota humo jina la riwaya yake ya mwaka 1940 kuhusu vita vya Hispania, na tangu hapo kila mwenye hotuba ya mshikamano huyachomoa mfukoni. Nami nimewahi kuyaandika kwenye kadi ya rambirambi, sikumbuki ya nani. Sikio la Kiswahili huyapokea upesi kwa sababu tunayo methali iliyoyatangulia, *mtu ni watu*, na tukishayaweka hapo tunaona tumeyamaliza.

Lakini hata neno lenyewe linapaswa kutushtua. Kwetu kisiwa hakina upweke. Lamu ni kisiwa, Unguja ni kisiwa, Kilwa Kisiwani jina linajieleza. Huko ndiko majahazi yalikotia nanga, ndiko watu wa mrima walikokutana na wa Hadhramaut na wa Gujarati. Ukimwambia mtu wa pwani asiwe kisiwa atakuuliza ana kosa gani aliye kisiwa. Donne alikuwa na bahari nyingine kichwani. Mwaka 1597, akiwa kijana aliyejitolea kwenda vitani dhidi ya Hispania, alisafiri na manowari za Uingereza kuelekea visiwa vya Azores. Njiani walipigwa na dhoruba iliyowarudisha pwani, na walipotoka tena upepo ukakata, merikebu zikaganda juu ya maji. Aliandika shairi moja kuhusu dhoruba na jingine kuhusu shwari, na lile la shwari ndilo linalotisha zaidi: watu wamekwama ndani ya merikebu zilizotapakaa baharini, hawawezi kufikiana, hawana la kufanya.

Nataka kumsoma mtu huyu kwa kuanzia hapo, kwenye kukwama. Wasomaji wake wamegawanyika kwa muda mrefu juu ya swali ambalo hata sisi hulijua vizuri, kwa kuwa huulizwa kila mtu aliyekosa kazi anapoibuka mchungaji: huyu ameitwa, au njaa ndiyo iliyomwita? Mwandishi wake wa kwanza wa maisha, Izaak Walton, aliyekuwa muumini katika parokia yake, alimchora mwaka 1640 kama Mtakatifu Augustino mpya, mtenda dhambi aliyegeuka. Waliokuja baadaye wakamwona mtafuta vyeo ambaye kila mlango ulipofungwa akaingia kanisani kwa kuwa ndio uliobaki wazi. Naona pande zote mbili zimeikuta njaa yake, ila hazikuiuliza ilikuwa njaa ya nini.

Alizaliwa London mwaka 1572 katika ukoo wa Kikatoliki, wakati Ukatoliki nchini humo ulipokuwa umekaribia kuhesabiwa uhaini. Baba yake, mfanyabiashara wa vyuma mwenye uwezo, alifariki mtoto akiwa na miaka kama minne. Kwa mama, alitoka katika jamaa ya Thomas More, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumtambua mfalme kuwa mkuu wa kanisa. Mjomba wake, Jasper Heywood, alikuwa Mjesuiti; alifungwa katika Mnara wa London kisha akafukuzwa nchini. Donne mwenyewe alipelekwa Oxford akiwa na miaka kama 12, akasoma, akaondoka bila shahada, kwa kuwa shahada ilidai kiapo ambacho Mkatoliki hawezi kukila.

Kisha ukaja mwaka 1593. Mdogo wake, Henry, alikamatwa kwa kumficha padri mmoja chumbani kwake, William Harrington. Alipobanwa, Henry alikiri kwamba mgeni wake ni padri. Harrington alinyongwa na kukatwakatwa hadharani mwaka uliofuata. Henry hakufika hata mahakamani. Alifia gereza la Newgate, ambamo tauni ilikuwa imeingia. Donne alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa sheria Lincoln's Inn. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba alilelewa kati ya watu wa dini iliyokandamizwa na kuteswa, waliozoea kudharau kifo na wenye njaa ya kifodini cha kufikirika. Maneno hayo ni baridi, na ubaridi wake ndio unaonifanya niyarudie. Aliyeyaandika hakuwa akisimulia habari za wengine.

Aliiacha dini ya ukoo wake polepole, kwa kusoma vitabu vya pande zote mbili, na hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole. Miaka hiyohiyo aliandika mashairi ya mapenzi ambayo hayana haya hata kidogo. Katika moja, kijana anambembeleza msichana kwa kumwonyesha kiroboto aliyewauma wote wawili: damu zetu zimeshachanganyika humu, unakataa nini tena? Katika jingine analifokea jua kwa kuchungulia mapazia ya wapenzi, akaliita zee lenye kimbelembele. Mashairi hayo hayakuchapwa. Yalinakiliwa kwa mkono na kupitishwa kwa marafiki, na kitabu chake cha mashairi kilitoka mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake.

Mwaka 1601 alikuwa na kila dalili ya kupanda. Alikuwa katibu wa Sir Thomas Egerton, Mtunza Muhuri Mkuu wa malkia, na mbunge kwa mkono wa bwana wake. Desemba ya mwaka huo alimwoa kwa siri Anne More, mpwa wa mke wa Egerton. Bwana harusi alikuwa na miaka 29, bibi harusi 17, na baba mtu, Sir George More, alikuwa tajiri mwenye hasira za karibu. Donne alimwandikia mkwewe barua ya kukiri Februari 1602. Jibu likawa jela. Rafiki aliyemkabidhi bibi harusi na ndugu wa rafiki huyo aliyeifungisha ndoa wakafungwa pia. Mahakama ya kanisa iliithibitisha ndoa miezi michache baadaye, lakini kazi ilikuwa imekwenda. Sir George alipopoa akamwomba Egerton amrudishe kijana, na Egerton akakataa.

Ikafuata miaka 13 bila kazi ya kudumu. Kwa maoni yangu miaka hii ndiyo iliyomzaa Donne tunayemsoma, ingawa masimulizi mengi huipita mbio ili yafike kanisani.

Waliishi kwanza kwa hisani ya jamaa, kisha katika nyumba ndogo huko Mitcham, nje ya London. Karibu kila mwaka alizaliwa mtoto. Iko barua moja ambayo ningempa mtu asome kabla ya shairi lolote. Donne anamwandikia rafiki yake Henry Goodyer kwamba yuko sebuleni kando ya moto, katika kelele za watoto watatu wanaocheza, na pembeni yake ameketi mwanamke ambaye amemng'oa akampandikiza katika maisha ya dhiki. Kwa hiyo inambidi amfiche dhiki hiyo kwa kila hila ya halali, kama vile kukaa naye na kuzungumza naye. Tazama anavyoandika. Mazungumzo ya mume na mke yamekuwa pazia la kufunika njaa. Kila mzazi aliyewahi kuchangamka mezani siku ambayo hajui kesho watoto watakula nini anaijua hila hiyo.

Mnamo Septemba 1608 anamwandikia Goodyer tena. Anasema angependa sana kufanya jambo fulani, na si ajabu kwamba hajui jambo gani, kwa sababu kuchagua tayari ni kufanya. Kisha anasema: "Kutokuwa sehemu ya mwili wowote ni kutokuwa chochote."

Liweke neno hilo kando ya lile la kisiwa na bara. Yametenganishwa na miaka 15, lakini ni wazo moja. Mwaka 1608 analisema mtu aliyetengwa na dini ya mama yake, akafukuzwa ofisini, akakaa kijijini akiandika barua za kuomba nafasi. Mwaka 1623 analisema mkuu wa kanisa kuu. Ndiyo maana sikubali maneno ya kisiwa yasomwe kama wosia mtamu wa kasisi mwema. *Mtu ni watu* inasemwa na mtu aliye tayari ndani ya watu wake, hana shaka. Ya Donne imesemwa na aliyewahi kuwa nje, akajua kwamba mtu anaweza kupungua mpaka asibaki kitu.

Alikaribia kweli kutobaki. Katika miaka hiyohiyo ya Mitcham aliandika kitabu cha kuthibitisha kwamba kujiua si lazima kiwe dhambi kila mara, na katika utangulizi wake akakiri kwamba kila taabu ikimvamia huona funguo za gereza lake ziko mkononi mwake mwenyewe. Hakukichapa. Mwaka 1619, akiwa tayari kasisi na anaanza safari ya kwenda Ujerumani, alimwachia rafiki nakala yake na kumweleza kwamba kimeandikwa na Jack Donne, yaani yeye wa zamani, si na Daktari Donne, akamwagiza: usikichape, wala usikichome. Watu wanaopenda hadithi ya mgeuko huishika kauli ya Jack na Daktari kama kisu cha kukatia maisha mapande mawili. Mimi nashika agizo. Mtu aliyemuua Jack angekichoma.

Hata kanisa lenyewe lilimwita mapema kuliko inavyosimuliwa. Kwa habari ya Walton, mwaka 1607 Thomas Morton, kasisi mwenye cheo aliyemhurumia, alimpa ahadi ya parokia yenye kipato endapo angekubali kuwekewa mikono. Donne alikataa. Sababu moja ilikuwa kwamba makosa ya ujana wake yalijulikana mno. Nyingine ni kwamba dhamiri yake haikuwa na hakika kwamba angeingia kwa ajili ya utukufu wa Mungu kwanza na riziki baadaye. Basi swali letu la wito na tumbo alijiuliza mwenyewe, watoto wakiwa na njaa, na kwa muda huo akajibu dhidi ya tumbo lake.

Kisha akaandika kitabu ambacho kwangu ni kigumu kumsamehe. Mwaka 1610 alichapa hoja ndefu kwamba Wakatoliki wa Uingereza wanapaswa kula kiapo cha utii kwa mfalme, na kwamba anayekufa kwa kukikataa si mfiadini. Ndugu wa Henry aliyaandika hayo, miaka 17 baada ya Newgate. Unaweza kusema alikuwa akiwaokoa hai kwa kuwanyima sababu ya kufa, na nadhani kwa sehemu ni kweli. Lakini kitabu alikiweka wakfu kwa Mfalme James, na mfalme alikipenda, na Donne alijua atakipenda.

Kumpendeza mfalme kukawa mtego. James aliona mwanateolojia, na akaamua kwamba mtu huyu hatapata cheo chochote ila kanisani. Donne alikuwa ameshaomba ukatibu Ireland, akaomba ukatibu wa Kampuni ya Virginia, akajipendekeza kwa Robert Carr, kipenzi wa mfalme, hadi kumtungia shairi la harusi kwa ndoa iliyonuka kashfa. Bwana harusi na bibi harusi wote walikuja kutiwa hatiani kwa kumuua mtu kwa sumu. Huko nako hakukutoka kitu. Tarehe 23 Januari 1615 aliwekewa mikono na John King, askofu wa London, ambaye zamani alikuwa kasisi wa nyumba ya Egerton, nyumba ileile alikofukuzwa.

Basi njaa ilimsukuma, nani atabisha? Ila kuna jambo linalovuruga hesabu. Soneti zake takatifu, zile ambamo anamwomba Mungu mwenye nafsi tatu aupige moyo wake kwa nguvu, aubomoe na kuuunda upya, na ile inayoiambia mauti isijivune, wataalamu wanaona nyingi ziliandikwa miaka ya 1609 na 1610. Wakati huo hakuwa kasisi, hakuwa na mshahara wa madhabahu, hakuna aliyemlipa kwa mstari wa shairi la toba. Mtu aliyejililia hivyo gizani, kisha akapewa mimbari miaka mitano baadaye, hakuanza kuamini siku ya kulipwa. Cheo kilimkuta na dini yake.

Anne hakuiona nafuu yenyewe. Agosti 1617, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa 12, aliyezaliwa mfu, alifariki akiwa na miaka 33. Donne hakuoa tena. Katika sala-shairi moja aliyoitunga baadaye, ambayo Walton anasema ni ya wakati wa ile homa, anamwambia Mungu kwamba ukishamaliza kusamehe bado hujamaliza, maana dhambi ninazo zaidi. Kwa Kiingereza jina lake linatamkwa kama neno la "imekwisha", na "zaidi" ni jina la ukoo wa Anne. Kwa hiyo Mungu akimaliza bado hajampata Donne, kwa kuwa Donne ana More. Mchezo huo haufasiriki, nami nimeacha kujaribu. Unamwonyesha mjane akicheza na jina la marehemu mkewe mbele za Mungu, na wimbo huo uliimbwa na kwaya ya St Paul's akiwa mkuu wao.

Ukuu huo aliupata Novemba 1621. Mahubiri yake yaliyosalia ni 160. Alipanda mimbari na vidokezo tu, akayaandika kwa kirefu baadaye. Mwaka 1625, tauni ilipoifunga London akawa amejificha Chelsea, aliyaandika mengi kwa mfululizo. Ukiyasoma leo yanachosha mpaka ghafla yanakuamsha. Atafafanua neno moja la Zaburi kwa kurasa, Kilatini hapa, mababa wa kanisa pale, kisha atakiri kwamba akiwa katika sala chumbani mwake humsahau Mungu na malaika wake kwa sababu ya mlio wa nzi, au gari la farasi linalopita, au mlango unaolalamika. Sijui mhubiri mwingine wa zama zile ambaye angethubutu kuwaambia waumini kwamba sala yake inashindwa na nzi.

Lakini kuwa sehemu ya mwili kuna bei, na Donne aliilipa. Agosti 1622 mfalme alitoa amri ya kuwabana wahubiri wasiguse siasa, na Septemba ni Donne aliyewekwa mimbarini kuitetea. Mahubiri hayo yakawa ya kwanza yake kuchapwa, kwa agizo la mfalme. Miezi miwili baadaye, tarehe 13 Novemba, alihubiri mbele ya Kampuni ya Virginia, ileile iliyomnyima kazi zamani na sasa imempa uanachama wa heshima. Machi mwaka huo wenyeji wa Virginia walikuwa wamewaua mamia ya walowezi, na huko London wengi walitaka kisasi. Donne aliwasihi wasitangulize faida, wapeleke injili kwa upole. Hilo tumpe. Ila katika mahubiri hayohayo alirudia hoja ya sheria za mataifa kwamba ardhi isiyokaliwa na watu, au iliyoachwa, huwa ya atakayeishika. Msomaji wa Kilimanjaro au wa nyanda za Bonde la Ufa hahitaji kufafanuliwa hoja hiyo ilifika wapi. Na huyu ndiye aliyeandika, mwaka mmoja tu baadaye, kwamba nchi ikipoteza bonge moja la udongo inapungua. Katika sentensi yake inayopungua ni Ulaya.

Sidhani alikuwa mnafiki. Aliyeganda baharini akavutwa na merikebu kubwa hawi mwepesi wa kuuliza merikebu inakwenda wapi.

Nirudi kitandani, kwa kuwa humo ndimo nguo zote za cheo zilivuliwa. Tafakuri ya tano haisomwi na wengi, na bila hiyo ya 17 inageuka msemo wa kuning'iniza ukutani. Daktari ameitwa, na Donne anaandika kwamba kama vile ugonjwa ndio taabu kubwa kuliko zote, taabu kubwa kuliko zote ndani ya ugonjwa ni upweke: maambukizi yanawazuia wanaoweza kusaidia wasije, hata daktari anakuja kwa woga. Mwili wa mfu, anasema, unaweza kuambukiza, lakini mfu ana dawa, anazikwa. Mgonjwa hana dawa ya upweke wake. Katika tafakuri nyingine daktari anaomba waitwe madaktari wenzake wamsaidie, na badala ya kuringia heshima hiyo mkuu wa St Paul's anaanza kuwahesabu walio wagonjwa kuliko yeye, wasio na mtu wa kuwatembelea, wanaofia hospitalini kabla jina lao halijulikani.

Basi kengele inapolia katika tafakuri ya 16 na ya 17, hailii katika sikio la mwenye hekima anayewagawia watu busara. Inamlilia mtu aliyekatwa na wenzake na ambaye hajui kama atapona. Mwanzo wa tafakuri ya 17, ambao wanukuu huuruka, anawaza kwamba huenda anayegongewa kengele yuko hoi kiasi cha kutojua kuwa inamlilia yeye, na huenda wanaonizunguka wanaiona hali yangu, wakaagiza igongwe kwa ajili yangu nami sijui. Ni woga huo, wa kufa bila kuambiwa, unaomfungulia mlango. Kumbe anayekufa ng'ambo ya ukuta si mgeni. Mtu asiyemwona wala kumjua jina amemfikia chumbani alikokatazwa kufikiwa, kwa sauti ya chuma. Baada ya miaka yote ya kutafuta mwili wa kuwa sehemu yake, jamii anayoipata pale si baraza la mfalme wala sinodi. Ni majirani wanaokufa.

Humohumo kuna sentensi inayonigusa mimi ninayeishi kwa kuhamisha maneno. Wanadamu wote ni kitabu kimoja cha mtunzi mmoja, anasema. Mtu akifa sura yake haichanwi kitabuni, inatafsiriwa katika lugha bora zaidi, na Mungu ana watafsiri wengi: wengine hutafsiriwa na uzee, wengine na ugonjwa, wengine na vita, wengine na hukumu. Alipoandika hukumu, mtoto wa ukoo ule hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Mwisho wake unajulikana na watalii. Tarehe 25 Februari 1631 alihubiri mbele ya Mfalme Charles huku mwili umekwisha, na waliomwona walisema amehubiri mazishi yake mwenyewe. Kisha, kwa simulizi ya Walton, alijivika sanda, ikafungwa kichwani na miguuni, akasimama macho yamefumbwa achorwe, na picha hiyo akaiweka kando ya kitanda mpaka alipofariki Machi 31. Nicholas Stone aliichonga kwa marumaru nyeupe. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliliteketeza kanisa kuu la zamani, sanamu ikasalimika, na alama za kuungua bado zinaonekana kwenye chungu anachokanyaga.

Mimi huwa namfikiria zaidi mtu mwingine aliyeishi katika nyumba ile ya mkuu wa kanisa. Elizabeth, mama yake, mwenye damu ya Thomas More, dada wa Mjesuiti, mama wa Henry. Aliwahi kuhama na kwenda kuishi Antwerp akiwa na mume wake wa tatu kwa sababu ya imani. Alizeeka, akawa mjane, mali ikaisha, na mwanawe akamchukua akae naye. Aliishi hapo akiwa Mkatoliki, chini ya paa la mkuu wa kanisa kuu la Kiprotestanti aliyewaandikia watu wake kitabu cha kuwaambia wasife bure. Alifariki Januari 1631, akiwa na dini yake ileile, na mwanawe akamfuata baada ya miezi miwili.